Kunguni Hawaondoki kwa Kufichwa

Kunguni si hukumu ya uchafu. Huingia na begi la msafiri au kochi la mtumba, hata katika nyumba inayong'aa. Ukiona vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro, usione haya. Mwambie na jirani, maana ukuta ni mmoja. Kuhama chumba si dawa, kwani mdudu huyu hukaa miezi bila damu. Wala usinyunyize dawa ya shambani kitandani: watakaoivuta usiku kucha ni watoto. Chemsha mashuka. Fungua kitanda, mimina maji yanayochemka kwenye nyufa na chaga. Huua wadudu na mayai. Rudia baada ya wiki mbili, kwa mayai yaliyosalimika. Lala salama.