Udaktari: Mtoto wa Katavi Aombe Chuo Gani?
Kijana amemaliza kidato cha sita, anataka udaktari. Kabla ya kutaja chuo, tazameni matokeo. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani pointi 6. Hicho ni kima cha chini tu. Muhimbili huombwa na wengi wenye alama za juu, kwa hiyo usiombe huko peke yake. Ongeza Dodoma, Bugando kule Mwanza, au KCMC ya Moshi.

Nami nawasihi msiisahau Mbeya, iliko ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Katavi unapita Sumbawanga na Tunduma, umefika. Masomo ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Nauli ya likizo katika miaka yote hiyo mzazi ataihisi mfukoni. Ada nayo hutofautiana sana, hasa vyuo binafsi.

Mwongozo wa TCU hutoka kila mwaka. Mzazi na mwana, usomeni pamoja kabla ya kulipia maombi popote.