Sanduku moja, magonjwa mengi: maneno yetu mbele ya mkutano mkuu



Komite imetuomba tuseme juu ya pesa za afya. Tuanze na mtoto. Mwaka 2024, wakati redio ilikuwa inataja mpox kila siku, mama mmoja wa chama chetu alipeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Mtoto alikuwa na homa na vipele. Wakamuweka pembeni na wale wanaoshukiwa mpox, akakaa pale siku tatu. Kumbe ni surua. Hatulaumu waganga: walikuwa wawili tu, na mmoja ameitwa kwenye semina ya mpox. Mtoto alipona. Mdogo wake aliyebaki nyumbani naye alishikwa, na huyo hatunaye tena.

Mambo haya tulishayaona. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, dunia nzima ikaja, na ilikuwa lazima ije. Mpaka Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Lakini wakati ule ule surua ilikuwa inatembea nchi nzima, ikaua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Kwa surua magari mengi vile tuliyaona wapi? Halafu Machi 2020 korona ikaingia Kinshasa. Magonjwa yanaongezeka, muuguzi ni yule yule, na friji ya chanjo ni ile ile moja.

Sisi tuliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu tuko na shida yetu ya pekee: kadi za chanjo. Zingine zililowa ndani ya boti, zingine, tuseme ukweli, tuliwashia moto. Bila kadi muuguzi hajui kama mtoto alichomwa sindano ya surua ya miezi tisa.

Wafadhili wetu, mulituma pesa za mpox. Tulinunua ndoo na sabuni, zinasaidia, aksanti. Lakini pesa ile ilikuwa na jina la mpox tu. Pikipiki ya kwenda kuchukua chanjo ya surua ilikosa mafuta, na sisi tuko na pesa mkononi. Tunaomba sehemu moja ibaki bila jina la ugonjwa.

Kuna wanachama ambao hawakubali. Wanasema pesa isiyo na jina italiwa. Wana haki kuogopa, maana ilishatokea kwetu. Kwa hiyo daftari litasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na mfadhili akitaka nakala atapewa.

Jumapili hii, baada ya ibada, kila mzazi alete kadi, hata iliyochanika. Asiye nayo aje na mtoto mwenyewe. Tutaandika jina na umri, na Jumatatu asubuhi orodha itafika kwa muuguzi.