Mzio wa Penisilini kwa Watoto: Tuandike Tulichokithibitisha



Ninazungumzia maneno machache yanayoandikwa katika faili la mtoto: "ana mzio wa penisilini". Mara nyingi huandikwa akiwa bado mdogo sana, naye huishi nayo hadi utu uzima. Hoja yangu ni kwamba wengi walioandikiwa hivyo hawana mzio huo, na kuwaacha bila kuwachunguza upya ni kuwadhuru.

Chanzo chake tunakijua. Mtoto ana homa na sikio linamuuma; anapewa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini. Siku ya tano anatoka vipele, dawa inalaumiwa na kusitishwa. Lakini virusi vingi vya utotoni hutoa vipele vyenyewe. Mwenye virusi vya Epstein-Barr akinywa amoksilini, huweza kutapakaa upele mwili mzima, na baadaye akaitumia dawa hiyo salama. Hata kuharisha, ambako ni athari ya kawaida ya dawa, huandikwa kuwa mzio.

Mzio wa kweli upo, na unaua. Ule wa papo kwa papo huletwa na kingamwili za IgE, kwa kawaida ndani ya saa moja: ngozi inavimba na kuwasha, midomo inafura, kifua kinabana, mtoto analegea. Hapo ni sindano ya adrenalini pajani, bila kusubiri. Upo pia ule wa kuchelewa ambao ngozi hububujika malengelenge na kuchunika, mdomo na macho yakapata vidonda. Aliyepata mzio wa namna hiyo asijaribiwe tena dawa hiyo kamwe.

Mwaka 2016 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya watoto 818 walioshukiwa kuwa na mzio wa amoksilini. Waliwapa dawa hiyo hospitalini, kidogo kwanza, kisha kiasi kilichobaki, huku wakiwaangalia. Asilimia 94 hawakupata shida yoyote. Waliodhurika papo hapo walikuwa 17. 31 walipata dalili baadaye.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto mwenye selimundu hukingwa kwa penisilini kila siku hadi miaka 5. Kijana ambaye homa ya baridi yabisi imemharibia valvu za moyo huhitaji sindano ya benzathini penisilini kila mwezi kwa miaka mingi. Mjamzito mwenye kaswende hutegemea penisilini kumtibu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni. Tukimfungia binti mlango huu kwa upele wa virusi, tunamnyima kinga atakayoihitaji akiwa mama. Dawa mbadala nazo mara nyingi ni ghali zaidi, na nyingine zinafaa kutunzwa kwa vijidudu sugu.

Basi, wanafunzi wangu, msiandike "mzio" peke yake. Andikeni jina la dawa, muda tangu dozi ya mwisho, sura ya upele na tiba iliyotolewa. Wazazi, pigeni picha upele, mwulizeni daktari kama mtoto anaweza kupimwa, wala msimjaribu nyumbani. Nazo hospitali zetu za rufaa zianzishe kliniki za kuwapima watoto hawa, ili mwenye mzio alindwe na asiye nao atibiwe kwa dawa inayomfaa.