*HOTUBA YA KATIBU WA TAWI, ITUNGI: HESABU NDIYO INAYOSUKUMA KAZI*

_Ndugu wanachama, hii ndiyo hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa tawi. Naituma humu kwa ajili ya waliokuwa ziwani, shambani na safarini. Isomeni mpaka mwisho, na asiye na simu kubwa asomewe._

  

Mwenyekiti amenipa mada moja: kwa nini watu wetu wanafanya kazi sana, na biashara zetu hazikui? Anayelala mchana hapa Itungi ni yule aliyekesha ziwani na karabai. Kwa hiyo sitamwambia mtu kuwa ni mvivu. Nitasema mambo matatu: mfanyakazi, daftari na mkopo.

*1. MFANYAKAZI*

Tuanze na bodaboda, kwa sababu kila mmoja anazijua. Kijana mmoja anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu. Kila jioni anapeleka fedha ya tajiri, chombo si chake na hakitakuwa chake. Mwenzake amepewa pikipiki ya aina ileile kwa mkataba. Analipa kwa kipindi walichokubaliana, akimaliza inakuwa mali yake. Angalieni pikipiki hizo mbili baada ya miezi sita. Ya mkataba imebadilishwa oili kwa wakati, haibebi mishikaki, na usiku inalala ndani. Vijana ni walewale na barabara ni ileile ya Kyela mjini. Tofauti ni kwamba mmoja anajua jasho lake linakwenda wapi.

Ziwani ni hivyohivyo. Mwenye mtumbwi na nyavu anatoa gharama kwanza, mafuta na matengenezo, kisha kinachobaki kinagawanywa. Wavuvi wakioneshwa mauzo ya usipa na gharama zilizokatwa, hata siku ya mgao mdogo wanarudi kesho. Wakifichwa bei, samaki wanauzwa hukohuko majini kabla mtumbwi haujafika mwaloni. Halafu tajiri analalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wezi. Baba zangu wenye vyombo, mgao wa siri unafundisha wizi.

Kuna wenzetu wanaoajiri vibarua wa kuvuna mpunga, kuanika kakao na kupakia magunia. Kibarua akiambiwa "njoo tu tutaelewana", tayari ameshapunguza mwendo. Akijua ujira wake kabla ya kushika mundu, na akalipwa siku iliyotajwa, huhitaji kumsimamia. Na anayeajiri kwa kudumu akumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Binti wa dukani anayefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 3 usiku, siku saba, anafanya zaidi ya mara mbili ya hizo. Mkimwona anasinzia mbele ya mteja, msishangae.

Jambo la mwisho hapa ni ufundi. MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo za tani 1,000 kila moja, zilijengwa hapahapa Itungi na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine. Ikafuata MV Mbeya II ya abiria 200, iliyoanza safari mwaka 2021. Wapo waliodhani chuma kikubwa namna ile lazima kitoke ng'ambo. Mtu akiwa na mafunzo, vifaa na ratiba, anafanya. Kijana wetu anayetaka kuchomelea apelekwe akajifunze kuchomelea. Tusimfanye mbeba mizigo miaka kumi kisha tuseme hana akili.

*2. DAFTARI*

Hapa naomba mnivumilie, mimi ni mtu wa stashahada ya uhasibu na ugonjwa wangu mnaujua.

Tuseme mama ana mtaji wa Sh 200,000 wa usipa. Anauza kwa Sh 260,000 na kusema nimepata 60,000. Lakini nauli ya mzigo ni 15,000, ushuru 5,000, aliyemsaidia kuanika 10,000. Faida yake ni 30,000. Yeye, kwa kuamini ana 60,000, anatoa 40,000 ya sare na mboga. Kila mzunguko anakula 10,000 ya mtaji. Baada ya mizunguko kumi, hata tukidhani faida haikupungua, nusu ya mtaji imekwenda. Ndipo tunasikia: kuna chuma ulete! Mama zangu, chuma ulete huyo anakaa kwenye pochi. Dawa yake ni daftari lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka kwa ajili ya biashara, kilichotoka kwa ajili ya nyumba. Jilipe mshahara unaojulikana, mfuko wa biashara usiuguse.

Daftari linapunguza hata kodi. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Sh milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Kuanzia milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu analipa Sh 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, mwenye daftari analipa Sh 30,000. Daftari la Sh 2,000 linakuokolea Sh 70,000. Kabla ya kulipa, ulizeni ofisi ya TRA kama kiwango kimebadilika.

Na kakao je? Mwaka 2024 bei mnadani ilipita Sh 20,000 kwa kilo. Haikupanda kwa sababu sisi tulilima vizuri zaidi. Ilipanda kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalianguka, na kilichopanda kwa shida ya wengine hushuka wengine wakipona. Aliyeandika aliweka sehemu akiba, akapogoa na kupanda miche mipya. Aliyeuza kakao mbichi kwa kipimo cha kienyeji, mnunuzi akisubiri chini ya mti, bei ile aliisikia redioni tu. Tupeleke kakao kavu kwenye chama cha ushirika, iuzwe mnadani kwa stakabadhi ghalani. Na anayeuza mbichi kwa sababu mtoto anaumwa, tusimcheke. Vikundi vyetu viwe na mfuko wa dharura wa kumkopesha mpaka siku ya mnada.

*3. MKOPO*

Sasa lile lililowaleta wengi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Mwaka 2023 Serikali iliusimamisha nchi nzima, sababu mojawapo ikiwa vikundi hewa na fedha zisizorudi, na mwaka 2024 ukarejeshwa kwa utaratibu mpya. Mnaona wenyewe: waliokula fedha ya kikundi walimfungia mlango mama ambaye hata hawamjui.

Nasema wazi mbele ya Mwenyekiti. Fedha hii ni ya wananchi. Kadi ya chama haimpi mtu mkopo, na kukosa kadi hakumnyimi mtu. Maombi yanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Fomu haiuzwi. Ukiombwa "ya soda" na yeyote, hata akitaja jina langu, njoo uniambie.

*MAAZIMIO YA MKUTANO*

1. Kila mwanachama anayeajiri atataja ujira kabla ya kazi na kulipa siku aliyoahidi. Malalamiko yaletwe kwenye kamati, bila kujali mlalamikiwa ana cheo gani.

2. Kila Jumamosi saa 10 jioni nitafundisha daftari la safu tatu ofisini kwetu. Bure. Njoo na daftari na kalamu, wasio wanachama pia wanakaribishwa.

3. Tawi halitatambulisha kwa afisa kikundi chochote ambacho hakina daftari la miezi mitatu na wanachama wanaofahamika kwa sura.

Bandari yetu imejaa mchanga, na shughuli za meli zimeegemea Kiwira. Hilo tunaendelea kulipigia kelele kwenye vikao. Lakini daftari halisubiri meli. Tuanze Jumamosi.

 

*Katibu wa Tawi, Itungi*