Ua la Manjano la Kando ya Maji na Bustani za Kitengela



Watu wengi wanaojenga nyumba zao Kitengela na Kajiado siku hizi hupenda kuwa na bustani ya maua mbele ya mlango, na jambo hilo ni jema. Lakini miche mingi iuzwayo kando ya barabara asili yake ni nchi za mbali, na wengine huuliza kama hatuna maua yetu ya porini yafaayo. Nataka kuzungumza nanyi juu ya ua moja, dogo, la manjano, limeremetalo kama kwamba limepakwa samli. Wataalamu huliita Ranunculus multifidus. Waingereza wameyapa maua ya jamaa hii jina lenye maana ya kikombe cha siagi.

Aliyeliandika kwanza kwa jina lile la kitaalamu ni Peter Forsskål, ambaye alikufa Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1775, naye hayupo. Ranunculus kwa Kilatini maana yake ni chura mdogo. Jina hilo lasema kweli, maana mmea huu hukaa pale apendapo chura: kandokando ya vijito, chemchemi na madimbwi ya nyanda za juu. Majani yake yamekatika-katika, na ua lina petali tano.

Sasa tazameni ardhi ya Kitengela. Ni udongo mweusi, ambao wakati wa mvua hunata viatuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuweza kumeza mkono. Mmea wa kando ya maji ukipandwa hapo wazi hauwezi kumaliza kiangazi kimoja. Na maji yenyewe? Wengi wetu twanunua maji kwa lori, na ya visima vya kina mara nyingi yana chumvi. Baada ya ukame wa miaka 2020 hadi 2022, uliomaliza mifugo mingi Kajiado, sidhani yupo atakayependa kumwagilia ua maji ya kunywa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mmea huu ukiwa mbichi, ukipondwa au kutafunwa, hutoa maji makali yenye sumu. Ng'ombe mkubwa mwenye malisho huuepuka kwa ukali wake. Lakini ndama au mbuzi mwenye njaa, akiona kijani kibichi peke yake katika uwanja mkavu, aweza kuula, akapata malengelenge mdomoni, mate yakamtiririka na kisha akaharisha. Hata mikono ya mtu huweza kutoka malengelenge. Ukikauka kabisa sumu hiyo hupotea. Basi usipandwe karibu na zizi wala mahali ambapo watoto huchezea, wala msitupe magugu yake mabichi penye mifugo.

Kwa maoni yangu, mwenye boma lenye mifugo na maji ya kununua aliache ua hili mtoni. Ataona manjano ya kutosha akipanda Aspilia mossambicensis, ua la porini mithili ya alizeti ndogo, ambalo huvumilia ukavu kuliko hili.

Lakini mwenye ua uliofungwa vizuri, na mahali penye unyevu siku zote, kwa mfano chini ya bomba ambapo mboga huoshwa, aweza kujaribu. Achimbe shimo la kina cha futi moja, atandike karatasi nene ya plastiki, aitoboe matundu machache tu ili maji yasiende upesi, kisha ajaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Pawe na jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Asing'oe mimea mtoni, kwa kuwa kingo zikiachwa tupu maji hubeba udongo. Achukue mbegu tu, zile zilizokusanyika kama kijidonge baada ya petali kuanguka, zikiwa zimegeuka rangi ya kahawia. Mbegu zitawanywe juu ya udongo na kufunikwa kidogo sana. Zikichelewa kuota, msifukue kuzitazama. Ziacheni mwezi mmoja au zaidi, mradi udongo usikauke.