Umeme wa Jua kwa Bei ya Kutupa

Ukipita Kariakoo siku hizi huwezi kukosa kuviona vibao vya wauza sola. Kimoja kinatangaza punguzo la nusu bei, cha pili kinaahidi kufungiwa bure, na cha tatu kinasema ofa inakwisha Jumamosi. Watu wanasimama, wanauliza, wanapiga hesabu kwa vidole. Wala si ajabu. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekula chumvi kidogo anaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 1992 na ule wa 1994, maji ya Mtera yalipopungua. Anaukumbuka wa 2006 na wa 2011. Ule wa mwishoni mwa 2023 hata watoto wa shule wanaukumbuka. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa mmoja baada ya mwingine, hali imekuwa nyingine. Lakini Aprili 1 mwaka huo huo gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakaa bila umeme, na transfoma ya mtaani kwako ikiungua, wingi wa maji ya Rufiji haukusaidii kitu. Kwa hiyo anayetamani kuwa na umeme wake mwenyewe juu ya bati ana haki ya kutamani.

Swali langu leo ni moja tu. Hilo punguzo ni punguzo la nini?

Tuanze na paneli. Bei ya paneli imeporomoka duniani kote. Zaidi ya asilimia 80 ya paneli zote hutengenezwa China, na viwanda vya huko vimejengwa vingi kupita mahitaji, hata ikawa kwamba katika mwaka 2023 peke yake bei ya jumla ilishuka kwa karibu nusu. Basi muuzaji anayekata bei ya zamani kwa wino mwekundu na kuandika nusu yake pembeni, pengine hakukupunguzia hata senti moja. Amekuuzia kwa bei ya soko. Bei ya kulinganisha ni ile ya duka la tatu mtaa huo huo, siku hiyo hiyo. Ile aliyoiandika yeye mwenyewe kisha akaikata mwenyewe haikusaidii kujua lolote.

Na hata hiyo paneli, ipime. Nasema ipime kwa futi, ile ya fundi seremala. Paneli nzuri za leo hutoa kati ya wati 200 na 240 kwa kila mita moja ya mraba, jua likiwa kali. Hilo halitegemei jina la kampuni wala ufundi wa msemaji. Ukiikuta paneli yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 60, nyuma imebandikwa karatasi inayosema wati 300, zidisha mwenyewe: eneo lake ni mita za mraba 0.72, na haiwezi kutoa zaidi ya wati 170 hivi. Hizo nyingine zimo katika karatasi. Wenye maduka ya haki hawakasiriki ukitoa futi mfukoni. Anayekasirika, muage kwa heshima.

Lakini paneli si kiini cha matatizo. Kiini ni betri, na hapo ndipo punguzo nyingi zinapojificha. Kifurushi kinachouzwa kwa bei ya kutupa aghalabu huja na betri ya risasi, ile ya maji au ile wanayoiita kavu. Betri hiyo ikiandikwa volti 12 na ampea 100, kwa hesabu ya darasani ina wati-saa 1,200. Kwa matumizi ya nyumbani unapaswa kuchukua nusu tu, yaani 600. Ukiinyonya mpaka mwisho kila usiku, hutakaa nayo muda mrefu kabla haijageuka kuwa stuli ya kukalia. Betri ya lithiamu, hasa ile ya aina ya chuma na fosfati, unaweza kuitumia kwa asilimia 80 hadi 90 na kuichaji na kuitumia mara maelfu. Bei yake ni kubwa, na ndiyo sababu haimo katika ofa. Fundi mmoja mzoefu huwaambia wateja wake wainue betri kabla ya kulipa. Betri ya risasi ya ampea 100 ina uzito wa kilo 25 na zaidi. Ikiinuka kama ndoo ya maji nusu, kilichomo ndani si ampea 100.

Kuna jambo jingine ambalo limewaliza watu wazima. Mstaafu mmoja ninayemfahamu, mwalimu, alitoa sehemu ya mafao yake akanunua mtambo wa maana kabisa: paneli sita, inveta kubwa, kazi safi. Wiki mbili baadaye umeme ukakatika saa mbili usiku, na nyumba yake ikawa giza sawa na ya jirani. Aliporudi dukani aliambiwa kwa upole kwamba mtambo ule ni wa kufanya kazi pamoja na umeme wa TANESCO, na betri huuzwa peke yake. Muuzaji hakusema uongo. Hakusema tu. Inveta ya aina ile imetengenezwa kwa makusudi izime umeme wa gridi ukikatika, hata kama jua ni la saa sita mchana, ili isirudishe umeme kwenye waya na kumuua fundi aliyepanda nguzo. Ni utaratibu mwema. Ila mtu aliyenunua sola kwa sababu ya kukatika kwa umeme amenunua kitu ambacho hakimhusu. Hapana budi kuuliza kwa maneno haya haya: TANESCO wakikata saa mbili usiku, taa zangu zitawaka au hazitawaka, na kwa saa ngapi?

Sasa tuje kwenye lile neno tamu, kuokoa. Wauzaji wanasema utaokoa fedha za LUKU. Tupige hesabu. Chukua nyumba yenye taa sita za wati 9 zinazowaka saa tano, televisheni ya wati 60 kwa saa tano, feni mbili za wati 55 kwa saa nane, friji dogo linalokula karibu uniti moja kwa siku, na simu za watoto. Jumla ni kama uniti mbili na nusu kwa siku, au 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi alitozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na mteja wa kawaida shilingi 292. Tuseme mtambo wa kuibeba nyumba hiyo yote ni shilingi milioni tatu. Yule wa shilingi 100 analipa 7,500 kwa mwezi. Atahitaji miezi 400, yaani miaka 33, kurudisha fedha yake. Yule wa shilingi 292 atahitaji zaidi ya miaka 11, na hapo hatujahesabu betri za kubadilisha njiani.

Kwa hiyo mtu wa mjini mwenye nguzo mlangoni asidanganywe na neno kuokoa. Anachonunua ni kutokaa gizani, na hiyo ni bidhaa halali yenye thamani yake. Mkulima wa mbali asiyefikiwa na nguzo ana hesabu tofauti kabisa. Kadhalika mama anayeuza samaki na barafu Mbagala, ambaye friji likizima usiku mmoja mtaji wote unaharibika. Huyo friji lazima liwemo, na anunue betri ya kweli hata ikibidi asubiri miezi sita.

Lakini wewe na mimi tunaotaka mwanga, habari na upepo? Toa friji katika hesabu. Friji lililofungwa mlango hukaa na ubaridi saa kadhaa. Toa pasi, toa birika, toa pampu ya maji. Zikibaki taa, televisheni, feni moja na simu, mahitaji yanashuka hadi uniti moja kwa siku. Paneli moja ya wati 400 na betri moja ya lithiamu ya ampea 100 zinatosha. Hiyo haimo kwenye vibao vya ofa, kwa sababu vifurushi hupangwa kwa kufuata kilichojaa ghalani, na mahitaji ya nyumba yako hayaulizwi.

Wapo wanaouza kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo kwa simu. Ni utaratibu uliowafikishia mwanga wengi ambao wasingeweza kutoa fedha taslimu, nami siubezi. Ila zidisha kabla ya kutia sahihi. Kianzio cha shilingi 100,000 na 2,500 kila siku kwa miaka miwili ni shilingi 1,925,000. Mtambo huo huo ukiuzwa taslimu kwa milioni moja na robo, basi punguzo lililoandikwa kibaoni umelirudisha, na juu yake umeongeza.

Dai risiti ya EFD yenye aina ya betri, wati za paneli na namba zake. Dhamana ya miaka 25 iliyochapwa na kiwanda cha China ni karatasi nzuri, lakini uliza ni nani hapa mjini atakayeiheshimu, na iandikwe kwenye risiti. Ukiwa na karatasi hiyo una la kusema hata mbele ya Tume ya Ushindani. Bila hiyo, una hadithi tu.

Na kabla hujatoa fedha, panda juu ya nyumba yako mara mbili, saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Kwetu Dar es Salaam paneli huelekezwa kaskazini, kwa mwinamo mdogo ili mvua ioshe vumbi. Tazama kivuli kinaangukia wapi. Kivuli cha tawi moja kikikaa juu ya pembe ya paneli kinaweza kuipunguzia nguvu kuliko ukubwa wake. Kama ni cha mwarobaini wako, chukua panga. Kama ni cha mwarobaini wa jirani, nenda mkaongee naye kwanza, ndipo uende Kariakoo.