Meza ya Kutengenezea Mashine za Kukatia Nyasi: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata



Mvua za masika zinapokolea, nyasi hurefuka haraka katika viwanja vya shule, zahanati na ofisi za vijiji. Wakati huo ndipo mashine ya kukatia nyasi inapohitajiwa kuliko wakati mwingine wowote, na aghalabu ndipo inapokutwa stoo, haiwaki, au kisu chake kimekuwa butu. Nyasi ndefu huficha nyoka, mashimo na vigae vya chupa. Wanafunzi hurudishwa kwenye fyekeo, na muda wa masomo hupotelea uwanjani. Kwa sababu hiyo, mashine moja iliyolala ni hasara ya kata nzima, wala si ya mtunza stoo peke yake.

Chombo hiki kina historia ndefu. Mwingereza Edwin Beard Budding, aliyeishi karibu na mji wa Stroud, alipata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Mashine yake haikuwa na injini. Ilisukumwa kwa mikono, na visu vyake vilifungwa kuzunguka silinda. Mashine inayoonekana zaidi siku hizi katika taasisi za umma ina injini ndogo ya petroli na kisu kimoja bapa kinachozunguka chini ya bodi. Hapo ndipo penye shida: sehemu inayochakaa mapema imewekwa mahali pasipoonekana.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi asiye na meza huitii methali hiyo kwa gharama kubwa. Huilaza mashine mchangani, huikaza kwa goti, kisha hupenyeza mkono asikokuona. Nati hupotea, vumbi huingia katika kabureta, na mashine ikilazwa upande usiofaa, oili hutiririka hadi kwenye kichujio cha hewa. Kubwa zaidi, mashine ikiponyoka, vidole ndivyo vinavyoipokea. Meza nzuri huondoa hatari hizo kwa kukipandisha kile cha mvunguni hadi usawa wa macho ya fundi aliyeketi.

Vipimo vya meza

Meza inayopendekezwa ina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 70, na kimo cha sentimita 60. Kwa kimo hicho, fundi aliyesimama hufikia injini bila kupinda mgongo sana, na aliyeketi juu ya kigoda hukiona kisu kutoka chini.

Uso wake usizibwe. Uwe na mbao mbili tu, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 5, zikiacha uwazi wa sentimita 40 katikati. Magurudumu hukaa juu ya mbao hizo, na kisu hufikiwa kupitia uwazi. Kwenye ukingo wa nje wa kila ubao upigiliwe mgongo wenye kimo cha sentimita 3 ili gurudumu lisiteleze, na mbele kuwe na kizuizi cha kuisimamisha mashine.

Miguu minne ikatwe kwa mbao za inchi mbili kwa nne, kila mmoja sentimita 55. Mbao hizohizo zitumike kwa viunganishi viwili vya juu na viwili vya chini vya upande wa upana, viwili vya chini vya upande wa urefu, na vipande vinne vya mshazari kwenye pembe. Jumla yake ni karibu mita 9. Kwa uso wa meza na mbao mbili za kupandishia mashine, zenye urefu wa mita 2 kila moja, zinahitajika mita 6.4 za ubao wa inchi mbili kwa sita. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa. Mbao mbichi zikikauka hupinda, na meza huanza kuyumba.

Kujenga na kujaribu

Fundi aanze na fremu mbili za pande za upana, kila moja ikiwa na miguu miwili, kiunganishi cha juu kilicho sawa na ncha za miguu, na kingine sentimita 15 kutoka sakafuni. Kisha fremu hizo ziunganishwe kwa mbao za urefu, ndipo zile mbao mbili za juu zilazwe na kukazwa. Maungio yote makuu yafungwe kwa bolti za milimita 10 na washa zake, kwani misumari hulegea kwa mtikisiko. Mishazari iwekwe mwisho, baada ya pimamaji kuthibitisha kwamba meza imekaa sawa. Katikati ya uwazi pasiwekwe kiunganishi chochote, maana ndiyo njia ya mkono na kisu.

Mashine nyingi za kusukuma hazizidi kilo 40. Hata hivyo, kabla ya kupandisha mashine yoyote, meza ibebeshwe mifuko miwili ya saruji, yaani kilo 100, isukumwe kutoka pande zote, kisha bolti zikaguliwe upya. Ikilia au ikiyumba, irekebishwe.

Kanuni za usalama

Kabla ya mashine kupandishwa, injini iwe imezimwa na kupoa, petroli imiminwe nje ya jengo ndani ya dumu lenye kifuniko, na waya wa plagi uchomolewe. Waya huo ukibaki mahali pake, kukizungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Watu wawili waisukume mashine kupitia mbao za kupandishia, kisha ifungwe kwa mikanda miwili ya mizigo. Mpira wa baiskeli haufai, kwa kuwa huvutika. Mashine isiwashwe kamwe ikiwa juu ya meza.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutanda chini. Kwa hiyo jiko la mkaa, sigara na kazi ya kuchomea vyuma vikae mbali na karakana hiyo, na ndoo ya mchanga iwepo daima. Oili chakavu ikusanywe kwenye chombo chenye kifuniko. Isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima.

Kazi ya kisu

Kabla ya kulegeza bolti, kisu kigeuzwe kielekee urefu wa meza ili kipite katika uwazi, na kipande cha gogo kikazwe kati yake na bodi kisizunguke. Fundi avae glavu nene. Kisu kinolewe kwenye jiriwa lililofungwa juu ya meza nyingine, kwa tupa, kikifuata mwinamo wake wa awali, na ncha zote mbili zipunguzwe sawasawa. Baada ya hapo kining'inizwe kwenye msumari ukutani kupitia tundu la katikati. Upande ukishuka, ndio mzito, nao upunguzwe kidogo kidogo hadi kisu kitulie. Kisu kisicho na mizani huitikisa injini na huweza kuharibu mhimili wake. Kilichopasuka au kupinda hakinolewi, hubadilishwa.

Meza kama mali ya kata

Meza hii haihitaji umeme wala kiwanda. Inahitaji seremala mmoja, msumeno, keekee, spana na siku chache za kazi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana kinaweza kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata ili kufahamu masharti ya kuomba.

Meza ikishajengwa, iwekwe pamoja na daftari. Kila mashine iandikwe tarehe iliyopanda, ubovu uliokutwa, kilichobadilishwa na jina la fundi. Daftari hilo litamwonyesha mwalimu mkuu na mganga wa zahanati ni lini kisu kilinolewa na ni lini oili ilibadilishwa, ili matengenezo yafanyike kabla ya mvua wala yasisubiri malalamiko.

Kijana mwenye ujuzi lakini asiye na mahali salama pa kufanyia kazi hukaa na hatari kila siku. Kata inayomjengea meza humlindia mikono, nayo mikono hiyo huvitunza viwanja vya shule na zahanati zake.